Sauti ya mashine itafika chumba gani? Jinsi ya kukadiria kwenye jengo linalomeza mtetemo

Kama umewahi kulala juu ya mashine ya kusaga unga pale Kisenyi, Kampala, sina haja ya kukueleza mtetemo ni kitu gani. Alfajiri wanawasha tu, kikombe kinaanza kutembea chenyewe juu ya meza. Sasa kuna bwana mmoja alikodi orofa ya juu ya jengo la namna hiyo, chini mahindi yanasagwa, juu anataka vyumba viwili vya kurekodia matangazo ya redio, akanipigia simu na swali moja tu, fundi, sauti itafika au haitafika? Nikamjibu kwa hesabu niliyofundishwa, hesabu safi kabisa, na nikakosea pande zote mbili. Chumba nilichosema kitakuwa cha wastani kikawa kinanguruma, na kile cha mwisho ambacho nilimwambia akivalishe pamba ya mwamba na jipsamu safu mbili kilikuwa kimya hata kabla ya kuvalishwa. Akanitazama akasema "ssebo (yaani bwana), hesabu zako zimekula hela zangu." Nilikaa kimya, ningesema nini.

Kwa hiyo haya ninayoandika hapa ni yale ambayo ningetaka mtu anieleze kabla ya siku ile. Yanahusu majengo au sehemu za majengo zenye dampingi kubwa, yaani zinazomeza mtetemo na kuugeuza joto: sakafu za plaiwudi zenye mchanga, kuta za bodi zenye gundi laini katikati, dari za mbao, partisheni za ofisi. Slabu na matofali vipo pia maana huwezi kuvikwepa.

Hesabu niliyotumia inaitwa SEA (statistical energy analysis), yaani kufuata nishati ya mtetemo kwa takwimu. Ilianza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, kina Richard Lyon walikuwa wanahangaika na mitetemo ya roketi, baadaye watu kama Robert Craik wa chuo kikuu cha Heriot-Watt kule Edinburgh wakaileta kwenye majumba. Wazo lake ni rahisi ukiliona kwa jerikeni. Kila ukuta na kila sakafu ni jerikeni, mashine ndiyo inamimina maji, jerikeni zimeunganishwa kwa mipira, na kila moja ina tundu linalovuja. Kuvuja ndio dampingi, mipira ndio maungio ya ukuta na sakafu. Maji yakitulia unasoma kimo cha kila jerikeni, hapo unajua nishati iko kiasi gani wapi. Kwa zege na matofali inakubali vizuri, kwa sababu wimbi likiingia kwenye slabu linagonga ukingo huu linarudi, linagonga ule linarudi, mara nyingi kabla halijafa, basi maji yanajaa sawasawa.

Lakini mimina hayo maji kwenye mtaro wa mchanga. Pale unapomimina pamelowa chapachapa, mita nne mbele pakavu. Utasoma kimo gani hapo? Hakuna. Na mimi nilichofanya ni kuchukua ile sakafu ya plaiwudi yenye mchanga, mtaro wa mita 9, nikauita jerikeni, nikagawanya maji sawa kwa wote, karibu nikapunja, mbali nikazidisha.

Basi swali la kwanza kabla hujagusa programu yoyote: hii sakafu ni jerikeni au ni mtaro? Jibu lake ni desibeli (dB) ngapi, kile kipimo cha ukubwa wa sauti au mtetemo, zinapotea kila mita, na hilo unalipata kwa kalamu.

Mtetemo unaotusumbua kwenye majengo ni wimbi la kupinda, bodi inapinda juu chini kama shuka linalokung'utwa. Mwendo wake ni mzizi wa (1.8 × cL × h × f), ambapo cL ni mwendo wa sauti ndani ya mali yenyewe (zege au mbao), h ni unene kwa mita, f ni frikwensi, yaani mitetemo kwa sekunde (Hz). Zege chukua cL kama 3500 m/s, plaiwudi kama 3000. Gawanya mwendo kwa frikwensi unapata urefu wa wimbi. Halafu kitu kimoja cha kukariri: kila wimbi linapotembea urefu wake mmoja linapoteza 13.6 × η dB, na η (isome eta) ndio namba ya dampingi ya mali yenyewe.

Tujaribu. Slabu ya zege ya 15 cm kwa 500 Hz, mwendo unatoka kama 687 m/s, wimbi mita 1.37. Zege ikiwa na η ya 0.01 unapoteza 0.136 dB kwa kila wimbi, yaani kama 0.1 dB kwa mita. Tembea mita 6, hujapoteza hata dB 1. Hiyo ni jerikeni bila ubishi. Sasa plaiwudi ya 18 mm, 500 Hz hiyohiyo: mwendo 220 m/s, wimbi sm 44 tu, na ukiitwisha kitu cha kuipa η ya 0.1 unapoteza kama 3 dB kila mita. Na kama hicho kitu ni mchanga mkavu wa sm 5 basi kuna kama kilo 80 zimekaa juu ya kila mita ya mraba ya bodi yenye kilo 11, uzito unalipunguza wimbi mwendo, wimbi linakuwa fupi la sm 26 hivi, na upotevu unapanda mpaka 5 dB kwa mita. Kwa mita 6 ni zaidi ya dB 30. Ndio mtaro huo.

Hapa watu wengi wanaanguka, na mimi nilianguka, kuhusu η ipi. Ziko mbili. Iko ya mali yenyewe, ndani ya zege au mbao, na iko ya jumla, inayohesabu pia nishati inayotorokea kwenye kuta za jirani kupitia kingo. Kwa majengo ya zege na matofali ile ya jumla Craik aliikadiria kama 1 gawanya kwa mzizi wa f, jumlisha 0.015, kwa hiyo 500 Hz ni kama 0.06. Mtu akiona 0.06 anafikiri slabu yake inameza sana, kumbe inachovuja kinavuja pembeni tu, katikati ya slabu wimbi linatembea bila kuchoka. Kwenye hesabu ya dB kwa mita weka η ya mali tu. Ukipima muda wa mtetemo kufifia, T, ukageuza kuwa η, kwa kanuni ya 2.2 gawanya kwa (f × T), utapata ile ya jumla, kwa hiyo usiibandike hapa. Nilimwona kijana mmoja ameibandika, slabu yake ikaonekana inameza kama godoro.

Kiwango cha kimataifa ISO 12354 cha 2017 chenyewe kimeukubali huu mgawanyo, kinaita aina A na aina B. Aina A ni elementi, yaani ukuta au sakafu, ambayo kufifia kwake kunaamuliwa zaidi na zile ilizoungwa nazo, na mtetemo haushuki zaidi ya 6 dB kutoka kwenye ungio kuvuka elementi nzima, mpaka angalau 1000 Hz. Isiyotimiza hayo ni aina B. Kwa B zile namba za maabara za kuzuia sauti huzirekebishi kwa hali ya jengo, maana dampingi yake iko ndani mwake tayari, jirani hawaibadilishi sana. Mi mwenyewe naanza kuwa na wasiwasi ikifika 3 dB, siingojei 6, lakini hilo ni la kwangu.

Sasa nyundo, maana hesabu bila kugonga ni hadithi. Unahitaji nyundo yenye kichwa cha mpira, penseli, futi kamba na kitu cha kupimia. Simu inasaidia kidogo: programu ya phyphox ni ya bure, imetengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inasoma kile kihisi cha mwendo cha simu. Ila simu nyingi zinachukua sampuli mia moja mpaka mia kadhaa tu kwa sekunde, na unachoweza kuona ni nusu ya hapo, kwa hiyo inakutosha kwa ngurumo ya chini, kwa 500 Hz inakuwa kipofu. Kwa juu natumia kile kidude cha piezo cha duara kinachotolewa kwenye alamu mbovu, nakichomelea waya, nakibandika kwa nta kwenye bodi, waya unaingia kwenye kinasa sauti, halafu nafungua kwenye programu ya sauti ya Audacity nachuja bendi, yaani kipande cha frikwensi, ninayotaka. Hakitakupa kipimo kamili cha mtetemo lakini sisi tunataka tofauti kati ya sehemu na sehemu, na tofauti kinaitoa. Usibadilishe volyumu ya kinasa katikati ya kazi tu.

Gonga sehemu moja, mara 5 mpaka 10. Pima mita 1 kutoka hapo, mita 2, mita 4, mita 6, chukua wastani wa kila sehemu. Usipime karibu kuliko nusu ya wimbi, hapo bodi inafanya mambo yake ambayo hayasafiri. Kule Kisenyi nilipanda ngazi nikagonga plaiwudi kwa chini, maana juu kuna mchanga, wasagaji wamesimama wananitazama kama natafuta panya. Kwa 500 Hz, nikihesabu mita 1 kama sifuri, mita 2 ilishuka 7 dB, mita 4 ikashuka 18, mita 6 ikashuka 28.

Usigawanye hizo kwa mita moja kwa moja. Mtetemo unaotoka kwenye ncha moja unatawanyika kwa duara kama maji yaliyotupiwa jiwe, na kutawanyika peke yake kunashusha 3 dB kila umbali ukiongezeka maradufu, hata bodi isipomeza kitu. Kwa hiyo toa 3 kwenye ile ya mita 2, toa 6 kwenye ya mita 4, toa kama 8 kwenye ya mita 6. Zinabaki 4, 12 na 20, kwa safari ya mita 1, 3 na 5, yaani 4 dB kila mita, zimekaa mstari hata mi nilishangaa. Hesabu ilisema 5 mchanga ukihesabiwa wote, 3 mchanga usipohesabiwa uzito, ukweli ukakaa katikati, kwa sababu kwa frikwensi hiyo mchanga haupandi na kushuka wote pamoja na bodi, wa juu unabaki nyuma.

Huo mstari niliupima sambamba na mbao za kubebea sakafu. Rudia kwa mwelekeo unaovuka mbao, kila ubao ni kama tuta barabarani, mtetemo unashuka haraka zaidi, kwangu tofauti ilikuwa kubwa ya kutosha kubadilisha wapi pa kuweka chumba. Mtu akikwambia sakafu yake ya mbao ina namba moja ya dB kwa mita, muulize ameelekea wapi.

Ukishajua nani jerikeni nani mtaro, chora njia. Kati ya vyumba viwili vinavyotenganishwa na ukuta mmoja wa kawaida kuna njia 13, moja inapita ukuta wenyewe, nyingine 12 zinazunguka, tatu kwa kila ukingo kati ya kingo nne. Huna haja ya zote, ila ziandike halafu ufute zisizo na maana, usizifute kichwani.

Mashine ya Kisenyi njia yake ilikuwa hivi: mashine imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya chini, sakafu inashika nguzo, nguzo inashika biimu, biimu inashika plaiwudi, plaiwudi inaongea chumbani. Kwenye sehemu nzito zinazoungana kwa zege kuna kanuni za maungio, zile za K, yaani dB zinazopotea mtetemo unapovuka ungio. Kwa ungio la umbo la T, kukata kona kunagharimu 5.7 jumlisha 5.7 × M mraba, ambapo M ni logi ya uwiano wa uzito kwa mita ya mraba, wa ukuta gawanya kwa wa slabu. Slabu ya sm 15 ni kama kilo 345, ukuta wa tofali uliopigwa plasta pande zote kama kilo 260, M inatoka −0.12, kona inagharimu kama 6 dB. Slabu ikipita moja kwa moja kwenye ungio la msalaba wenye ukuta huohuo ni 8.7 jumlisha 17.1 × M jumlisha 5.7 × M mraba, yaani kama 6.7. Ona zilivyo ndogo, ndiyo maana kwenye jengo la zege ukigonga chini unasikika orofa ya tatu. Kanuni hizi usizipeleke kwenye plaiwudi wala partisheni za bodi, zilitengenezwa kwa mali nzito iliyoshikana. Kule kwa B pima ungio lenyewe kwa nyundo, upande huu na upande ule.

Na kuna tofauti niliyoichelewa kuiona. Nyundo inagonga ncha, mtetemo unatawanyika kwa duara. Biimu inatikisa bodi kwenye mstari wake wote, kwa hiyo mawimbi yanatoka sambamba kama mawimbi ya Ziwa Victoria yanavyokuja ufukweni Entebbe, hayatawanyiki, yanapungua kwa kumezwa tu. Kwa njia ya biimu usiongeze zile 3 za kila maradufu kwenye upotevu. Ukiziongeza utamwambia mteja kumetulia kumbe bado.

Kuna wajanja wanaosema basi kata mtaro vipande vya mita moja moja, kila kipande kiwe jerikeni, uendelee na SEA yako. Nimejaribu. Haikubali vizuri, kwa sababu SEA inataka kila kipande kijaze nishati sawa na kiungane kidogo tu na jirani, na vipande vya bodi moja vimeungana kabisa, wimbi halioni mstari uliouchora kwa penseli. Hesabu inayofuata wimbi njiani ikilipunguza kidogokidogo ipo, ASEA, ya Heron ya 1994, lakini kwa jengo dogo kalamu na dB kwa mita zinakufikisha.

Sasa tatizo la chini. dB kwa mita zinafuata mzizi wa frikwensi. Ile plaiwudi yenye η ya 0.1, bila kuhesabu uzito wa mchanga, iliyotupa 3 dB kwa 500 Hz, kwa 50 Hz inatupa dB 1 tu kwa mita. Mota ya mashine ya unga kwenye umeme wa 50 Hz inazunguka kama mara 1450 kwa dakika, hiyo ni 24 Hz, na mlio wake wa umeme uko 100 Hz. Kwa hiyo kelele za chuma na punje zinakufa njiani ila ule mngurumo unafika na koti lake. Usimwahidi mtu kimya kwa sababu 500 Hz ilikuwa nzuri. Fanya bendi kwa bendi, 63, 125, 250, 500, 1000.

Chini huko slabu nayo inakugeuka kwa sababu nyingine. Slabu ya mita 4 kwa 5, unene sm 15, ndani ya bendi ya theluthi ya oktava ya 125 Hz ina kama modi mbili tu, yaani namna mbili za kutetemeka kwake yenyewe. SEA ni takwimu, takwimu za watu wawili unazijua zilivyo. Plaiwudi ya ukubwa huohuo ina kama 18. Yaani slabu haimezi lakini haina modi, plaiwudi ina modi tele lakini inameza, kila mmoja anakuharibia hesabu kwa upande wake. Ukitaka kuwa makini chini ya hapo ni kupima, au programu za kukata jengo vipande vidogo sana, angalau sita kwa kila wimbi.

Mtetemo ukifika, bado haujawa sauti. Zege ya sm 15 inaanza kuongea vizuri na hewa kuanzia kama 120 Hz, plaiwudi ya 18 mm mpaka ifike kama 1200 Hz, na ikibebeshwa mchanga inasogea juu zaidi. Ukishika plaiwudi kwa mkono unahisi inatetemeka kuliko slabu lakini slabu ndiyo inayokupigia kelele. Kwa hiyo usiamue kwa kiganja.

Mwisho unajumlisha njia, kwa nishati sio kwa namba: 40 na 40 ni 43, 40 na 30 ni 40.4. Ndiyo maana njia moja mbaya inakuwa ndiyo jibu lote, na kuitibu nyingine ni kupaka rangi gari bovu. Linganisha na unachotakiwa kufikia. Kanuni za kelele za Uganda za 2003 ziliandika kwa makazi 50 dB mchana na 35 usiku, chumba cha kurekodia kinataka chini zaidi.

Pale Kisenyi nilirudi kwa gharama yangu. Chini ya mashine kulikuwa na vipande vya tairi, vigumu, havizami hata milimita moja, na mpira usiozama haukingi: frikwensi yake ni 15.8 gawanya kwa mzizi wa milimita ulizozama, kwa hiyo milimita moja ni karibu 16 Hz, dhidi ya 24 Hz ya mota haina maana. Nilitaka 8 Hz, yaani mashine ikae izame milimita 4. Tukaweka springi, tukaachanisha plaiwudi na biimu upande wa nguzo kwa utepe wa mpira laini. Chumba cha mwisho ndicho anarekodia mpaka leo, na ile pamba aliyovalishia bure iko bado ukutani. Cha karibu na nguzo amewapangishia wale wa mashine wanaweka magunia, na kodi yao ndiyo anasema inamlipa zile hela nilizomla.